Mstari wa Maji Mafu

Ganda la kome aliyeliwa na kiti cha pweza huwa safi kuliko sahani iliyooshwa. Pande mbili bado zimeshikana kwenye bawaba, ukingo hauna hata ufa, na ndani ule weupe wenye samawati unang'aa kama vile mwenyewe ametoka kidogo na atarudi. Aliyeliwa na kaa huacha vigae. Aliyeliwa na konokono wa baharini ana tundu moja la mviringo, dogo kama la sindano ya kushonea magunia. Ndege mweusi na mweupe wa pwani za huku, mwenye mdomo mrefu mwekundu, hugonga ganda mpaka likavunjika, au huchomeka mdomo kati ya pande mbili akakata msuli. Nilijifunza kuyasoma mauti haya manne kabla sijaruhusiwa kushika usukani, kwa sababu nahodha aliyenifundisha kazi hakuwa na haja na mtu wa kumwambia kome wangapi wamekufa. Alitaka kujua nani kawala.

Mimi ni mtu wa Fumba, Unguja, kwenye Ghuba ya Menai, ambayo tangu 1997 ni eneo la hifadhi. Mama yangu na wanawake wenzake wameishi kwa kushuka pwani siku za bamvua, maji yanapopwa mbali, na ndoo na kisu, kuokota chaza, kombe na kome. Nami kwa zaidi ya miaka kumi nimekuwa mfugaji wa kome katika Mlango wa Menai, ule mkono wa bahari unaotenga kisiwa cha Anglesey na bara la Wales. Jina moja, bahari mbili. Nikiwaambia watu wa nyumbani kwamba niko Menai, hudhani nimerudi.

Nyumbani neno kome hubeba wanyama wengi wa magandani. Hapa namsema mmoja, yule mweusi wa samawati anayejifunga mwambani au kwa mwenziwe kwa nyuzi anazozitoa mwenyewe, ambaye wataalamu humwita Mytilus edulis. Na kiti cha pweza nilikijua tangu utotoni, kile chekundu chenye vinundu, kinacholala kwenye majani ya bahari maji yakipwa. Tulikiokota, tukakigeuza, tukatazama vijiguu vyake vikitafuta hewani pa kushika, kisha tukakirudisha. Hakikuwa adui wa mtu. Jina lenyewe linakiweka pamoja na vyombo vya nyumbani: kiti, tena cha mwenyewe mwingine. Kiti hakili.

Kazi ya kwanza niliipata Belfast Lough, Ireland ya Kaskazini. Kule kome hawafungwi kwenye kamba wala vizimbani. Hutawanywa chini, kwenye sakafu ya bahari, mahali ambapo maji hayakauki kamwe. Mbegu, yaani kome wachanga wa ukubwa wa ukucha, huletwa na meli na kumwagwa juu ya kiwanja kilichopimwa, na wakishakua meli hurudi na kokoro la chuma kuwavuna. Asubuhi moja ya Agosti tulishusha kokoro juu ya kiwanja ambacho miezi michache nyuma kilikuwa kimesheheni. Likapanda limejaa: maganda safi matupu, na juu yake viti vya pweza, vya rangi ya chungwa, vya rangi ya udongo, vingine zambarau, vimepandana kama chapati chini ya kawa.

Nikaokota kimoja kilichokuwa bado kimemkumbatia kome. Nilikibandua kwa shida. Katikati ya ganda palikuwa na kitu laini, cheupe, chenye utelezi, kikirudi polepole kilikotoka. Lilikuwa tumbo. Tangu asubuhi ile nimeacha kusema kiti cha pweza kimekula. Nasema amekula.

Anavyofanya ni hivi. Hana ubongo, hana damu. Mwili wake unaendeshwa na maji ya bahari yanayopita katika mifereji ya ndani na kusukuma mamia ya vijiguu vilivyo chini ya mikono yake mitano. Humjua kome kwa harufu iliyomo majini, akamwendea, akampanda, akajikunja juu yake kama kiganja kinachofunika yai. Vijiguu hunata kwa gundi anayoitoa mwenyewe, na anayo pia dawa ya kuiachia gundi hiyo akitaka kusogea. Kisha anavuta. Anavuta, anapumzika, anavuta tena. Kome naye ana msuli wa kufungia mlango, na msuli ule ni wa kiume hasa, lakini unachoka kabla ya mvutaji kuchoka. Mwanya wa sehemu ya kumi ya milimita unatosha. Tumbo hutoka kinywani, likapenyezwa ndani ya ganda, na nyama ikayeyushwa mle mle nyumbani kwa mwenyewe. Saa kadhaa baadaye mgeni anaondoka na sahani imebaki safi.

Mkubwa humfungua kome mkubwa, mdogo humfungua mdogo. Ndiyo maana mbegu ndizo zinazoteketea kwanza: hata kiti cha pweza wa upana wa kiganja cha mtoto anaziweza. Na hawaji mmoja mmoja. Kwenye kome wengi hukusanyika, wakasogea kama safu, na nyuma ya safu hakibaki kitu. Katika Morecambe Bay, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, kundi moja la mwishoni mwa miaka ya 1960 lilifuta maelfu ya tani za kome wa mwaka wa kwanza katika majira moja ya joto. Wazee wa kazi hii bado wanalisimulia kama sisi tunavyosimulia vimbunga.

Belfast Lough tulipambana naye kwa mopu. Ni chuma kirefu chenye minyororo, na kwenye minyororo mafungu ya nyuzi nene zilizofumuliwa, kama zile za kupigia deki. Unaikokota taratibu juu ya kiwanja. Ngozi ya kiti cha pweza ina miiba midogo na vikoleo vidogo zaidi, hivyo uzi ukimpitia hunasa mwenyewe, na kome wanabaki chini walipo. Mopu ikipanda mnasimama watu wawili kila upande mkiwachambua kwa mkono. Glavu za mpira hulika vidoleni kabla ya wiki kwisha. Nilikuwa nikirudi chumbani na harufu yao hata kwenye mto wa kulalia.

Zamani, wasimuliao wanasema, wavuvi waliwakata vipande na kuwatupa baharini, wakidhani wamewamaliza. Mkono uliokatika huota mwingine, na kipande kilichobakiwa na sehemu ya kutosha ya kitovu cha kati kinaweza kuwa kiti cha pweza kamili. Kwenye mashamba ya chaza ya Long Island Sound, Marekani, walitumia mopu tangu karne ya 19, wakawachovya waliowanasa katika maji ya moto. Walitumia pia chokaa isiyozimwa, ambayo huichoma ngozi ile laini ya mgongoni. Niliposoma habari ya chokaa nilikumbuka matanuri ya kuchomea mawe ya pwani nyumbani, na sikuipenda. Chokaa haichagui. Afadhali Denmark, huko Limfjorden, ambako huwavua wakawasaga kuwa unga wa chakula cha kuku na nguruwe.

Sisemi mopu haifai. Mahali pasipokauka hakuna namna nyingine ya maana, na kuna misimu ambayo iliniokolea kiwanja. Lakini ukiwatoa leo wamo waliobaki, na walio nje ya kiwanja wanasikia harufu ileile. Kupiga mopu ni kufua maji ngalawani. Kazi ya kukalafati niliikuta Menai.

Mlango wa Menai una jambo ambalo Belfast Lough haina kwa kiasi hicho: maji yanakwenda mbali. Siku za bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 6, na mbele ya Bangor zinafunuka nyanda za mchanga na tope ambazo macho hayazimalizi. Ufugaji wa kome ulijengwa hapa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na amri ya serikali ya kuusimamia ilitolewa 1962. Msingi wake ni rahisi kuueleza. Kome ana mlango. Maji yakipwa anaufunga, anabaki na maji yake ndani, anasubiri. Kiti cha pweza hana mlango. Jua na upepo humkausha, basi hupanda na maji na inambidi ashuke nayo. Ukiwaweka kome wachanga juu ya ufukwe, mahali panapokauka saa kadhaa kila siku, umewatenganisha na adui yao bila kumgusa adui.

Wanalipa gharama, tena kubwa. Kome hula kwa kuchuja maji, na asiyekuwa majini hali. Wa juu hukua polepole, hukonda, na humkuta kaa ambaye ufukwe ni mtaa wake. Lakini katika ule udhia ganda linanenepa. Baada ya mwaka au miwili, wakishapita milimita 30 na zaidi, tunawakokota kutoka juu na kuwashusha chini ya maji ya kudumu wapate kula mchana na usiku, wanone, wavunwe. Huko chini viti vya pweza wapo. Ila sasa wanamkuta kome mzima mwenye ganda gumu, na sisi hatumwachi huko muda mrefu. Tunashindana na kalenda: anone kabla hawajakusanyika.

Uamuzi mgumu wa kazi hii uko hapo, na hakuna kitabu kitakachokufanyia. Ukiwashusha mapema umemlisha kiti cha pweza. Ukichelewa umelisha kaa na ndege, na mteja atapata nyama ndogo ndani ya ganda zito. Mimi huchukua kome hamsini kutoka pembe nne za kiwanja, nikawapima kwa kaliba, nikawabonyeza ukingo kwa kidole gumba mmoja mmoja. Kidole kinajua kitu ambacho kaliba haikijui.

Nieleze sasa mwaka nilioharibu.

Ilikuwa Septemba. Mbegu zilikuja shehena tatu kwa mkupuo, na meli yetu hupita juu ya nyanda zile maji yakiwa yamejaa tu. Shehena mbili tuliziweka mahali pake. Ya tatu ilichelewa, na nahodha akaniuliza kama ukanda wa chini zaidi, uliokuwa wazi, ungefaa. Nilikuwa nimeutembea kwa miguu siku mbili nyuma, bamvua kubwa, na ulikuwa mkavu kabisa. Nikamwambia unafaa. Tukamwaga.

Mwishoni mwa Novemba nilishuka kuhesabu. Bamvua za Menai hukauka alfajiri na magharibi, saa kumi na mbili au karibu yake, tofauti na kwetu Fumba ambako maji hutoka mchana kweupe, saa nne asubuhi, na mama akarudi kupika cha mchana. Majira ya baridi alfajiri hiyo ni usiku. Nilikuwa na taa kichwani na fremu ya chuma ya kuhesabia, na kila nilipoiweka ile fremu mwanga ulirudi machoni mwangu kutoka kwenye maganda wazi, safi, meupe ndani. Niliendelea kuhesabu mpaka vidole vikafa ganzi, ingawa hesabu nilikuwa nimekwisha kuijua. Karibu theluthi ya kiwanja ilikuwa imekwenda, yote ya ukanda wa chini. Kwenye vidimbwi vilivyobakiza maji walikuwamo, wamelala juu ya chakula chao, wakubwa na wadogo.

Sikuelewa. Pale pakavu palikuwa pakavu. Jioni nilimpigia mama simu, si kwa kutafuta ushauri, kwa kutafuta sauti yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti yako iko chini?"

Nikamweleza. Alicheka kidogo kusikia kiti cha pweza anaweza kumtia mtu hasara, kisha akanyamaza akifikiri. Akaniuliza ule ukanda niliutazama mwezi ukiwa na siku ngapi. Nikamwambia siku kumi na sita, bamvua la mwezi mpevu.

"Ulitazama bamvua," akasema. "Na maji mafu je? Sisi maji mafu hatushuki, kwa sababu pwani haitoki. Siku hizo anayeshinda pale ni yeye."

Nilikuwa nayo habari hiyo maisha yangu yote. Nimekulia kwa kuhesabu miezi: mwezi ukiandama bamvua, ukifika nusu maji mafu, ukipevuka bamvua, ukipungua nusu maji mafu tena. Siku za maji mafu bahari haijai sana wala haipwi sana. Ukanda niliouona mkavu kwa bamvua, siku hizo ulikuwa chini ya maji mfululizo, siku baada ya siku, mara mbili kila mwezi. Kiti cha pweza alikuwa na muda wote wa kupanda, kula, kusaga, na kula tena, bila jua kumgusa. Bamvua liliporudi aliteremka au akajibanza kidimbwini, na mimi nikaja kuukagua ufukwe siku pekee ambazo hakuwa na haja ya kuwapo.

Tangu mwaka ule mipaka ya viwanja vyangu vya juu siichori kwa bamvua. Nashuka siku za maji mafu, saa ambazo hakuna mtu anayeziona zina faida, maji yakiwa yamepwa kidogo tu. Pale yanapokomea ndipo napiga mambo, yaani vigingi. Mbegu zote hukaa juu ya mstari huo. Chini yake naweka kome wenye ganda gumu peke yao, nao nawahesabia wiki. Eneo limepungua, na nilibishana sana kuutetea mpango huo, maana kila hekta iliyoachwa wazi ni fedha inayoonekana kwa macho. Hekta iliyoliwa haionekani mpaka ushuke usiku na taa.

Kuna mlango mwingine wa hatari ambao mstari hauuzibi. Viti vya pweza huzaa kwa kumwaga mayai majini, jike mmoja mamilioni, na vifaranga vyao huelea wiki nyingi kabla ya kutua. Wanapenda kutua pale pale walipotua kome wachanga. Kwa hiyo mbegu unayoikokota kutoka mahali pengine inaweza kuja na muuaji wake ndani, mdogo kama punje ya mtama, amejificha katika nyuzi. Sitoi shehena melini sasa bila kuchukua ndoo kutoka juu, katikati na chini, nikaisambaza kwenye sinia na kuichambua kwa kibano. Nikikuta wengi, shehena inakwenda sehemu ya juu kabisa, ikaumie kwa upepo. Kome atavumilia. Wao wanavumilia vibaya, na maji yasiyo na chumvi ya kutosha huwamaliza pia, maana mwili ulio wazi kwa bahari hauna namna ya kujikinga na mvua kubwa au maji ya mto.

Baadhi ya wenzangu wangefurahi kuamka wakakuta hakuna kiti cha pweza hata mmoja duniani. Siko pamoja nao. Mwaka 1966 Robert Paine, mtaalamu wa viumbe wa Marekani, alichapisha aliyoyaona kwenye miamba ya pwani ya jimbo la Washington baada ya kuwaondoa viti vya pweza wa kule mwaka baada ya mwaka, akiwarusha baharini kwa mikono yake. Kome wa pale walishuka wakafunika kila kitu, na kati ya aina 15 za viumbe alizoanza nazo zikabaki 8. Baadaye alimfananisha mnyama yule na jiwe la kufungia tao. Nami nimeona kwa udogo wangu: kiwanja chenye kome wamepandana tabaka juu ya tabaka hugeuka tope, wa chini wanakosa hewa, na dhoruba moja huwakunja wote kama mkeka. Hata ganda gumu ninalolitafuta yeye ana mkono ndani yake. Wataalamu wa Sweden walionyesha miaka ya 1990 kwamba kome waliowekwa majini pamoja na kiti cha pweza, bila yeye kuwafikia, walikuza msuli wa kufungia mlango ukawa mkubwa zaidi na ganda likawa nene zaidi. Harufu yake peke yake iliwafundisha. Nikisoma hayo huwaza kwamba wale wa pembezoni mwa kiwanja changu, wanaomsikia kila maji yakijaa, huenda ndio wagumu kuliko wote, na kidole gumba changu hakijanikanusha bado.

Mama ameacha kushuka pwani, magoti hayamruhusu. Kila mwezi ukiandama hunipigia, na kabla ya habari za watoto huniuliza maji yametoka mpaka wapi.

Leo mwezi una siku saba. Kesho mchana, saa sita, maji yatapwa pale kidogo yanapopwa siku hizi, na nimekwisha kuweka mambo mpya sita mlangoni, na nyundo, na ndoo. Mbegu za mwaka huu zinakuja Jumatatu.